Zao la namba tasa kujumlisha 1: namba ya 14 inatoka shufwa, na Euclid–Mullin inarudia 2

tarakimu_moja:

Wakuu habari zenu.

Naandaa karatasi ya klabu ya hisabati, kidato cha tatu na cha nne, kuhusu mifuatano inayojengwa kwa kuzidisha namba tasa. Nimechagua mitatu.

Wa kwanza ni zao la namba tasa za mwanzo: 2, 6, 30, 210, 2310, 30030, 510510 na kuendelea. Wa pili ni huohuo ukiongeza 1: 3, 7, 31, 211, 2311, 30031. Wa tatu ni Euclid–Mullin. Unaanza na 2, kila hatua unazidisha namba zote ulizokwisha pata, unaongeza 1, halafu unachukua kigawo tasa kidogo kuliko vyote cha jibu. Unapata 2, 3, 7, 43, 13, 53, 5, 6221671, 38709183810571.

Programu nimeandika kwa JavaScript kwa sababu wanafunzi wanaweza kuifungua kwenye simu. Mambo matatu nahitaji msaada:

a) Namba ya 14 ya mfuatano wa pili inatoka 13082761331670032. Zao la namba tasa lina 2 ndani yake, kwa hiyo ni shufwa, na shufwa ukiongeza 1 lazima iwe witiri. Cha kushangaza zao lenyewe, 13082761331670030, linatoka sahihi kabisa.

b) Kwenye Euclid–Mullin, baada ya 38709183810571 programu inatoa 2. Haiwezekani: 2 tayari imo, na namba iliyomo kwenye zao haiwezi kugawanya zao kujumlisha 1.

c) Nimeona imeandikwa kwamba 41 haijaonekana kwenye mfuatano wa tatu. Je, imethibitishwa kwamba haimo, au haijafikiwa tu? Na 5 kwa nini imechelewa hadi nafasi ya 7?

Ningependa njia ambayo mwanafunzi anaweza kuifuata kwa kalamu angalau hatua chache.


biti_hamsini_na_tatu:

Mkuu, (a) na (b) ni ugonjwa mmoja.

Namba za kawaida za JavaScript zinakaa kwenye biti 64, lakini tarakimu zenyewe zina nafasi ya biti 53 tu. Nyingine ni za kipeo na alama. Hadi 2^53, yaani 9007199254740992, kila namba kamili ina mahali pake. Kutoka hapo hadi 2^54 nafasi zinaruka mbilimbili: shufwa zote zipo, witiri hakuna hata moja. Zao lako la 14 limeangukia humo humo. Kwa kuwa ni shufwa limehifadhiwa bila kasoro. Ukiongeza 1 unapata witiri isiyo na mahali, iliyo katikati kabisa ya ...030 na ...032. Hapo mashine huchagua ile ambayo nusu yake ni shufwa. Nusu ya 13082761331670030 ni 6541380665835015, witiri. Nusu ya 13082761331670032 ni 6541380665835016, shufwa. Ndiyo maana umepewa ...032.

Kwenye (b) zao limefika kama 1.5 × 10^27. Huko nafasi zimeachana kwa mabilioni, na kila namba inayohifadhiwa ni kigawe cha 2 mara nyingi sana. Ile 1 inapotea yote, programu inagawanya kwa 2, inapata baki 0, inafurahi na kukuletea 2.

Mipaka ya kuandika kwenye karatasi:

Excel hushika tarakimu 15. Zao la 13, yaani 304250263527210, lina tarakimu 15 na linapita. La 14 lina 17, utaonyeshwa 13082761331670000.

Namba kamili ya biti 32 inaishia 2147483647. Zao la 9 (223092870) linaingia, la 10 (6469693230) halimo.

long ya lugha ya Java (namba kamili ya biti 64 yenye alama) inabeba zao la 15, 614889782588491410. La 16 ni 32589158477190044730 lakini Java itaandika -4304329670229058502 bila onyo lolote. Angalau alama ya kutoa inakushtua. Ukitumia biti 64 zisizo na alama utapata 14142414403480493114, na hiyo ndiyo hatari zaidi kwa sababu inaonekana namba ya kawaida.

Python haina mpaka huu. Kwenye JavaScript tumia BigInt, aina ya namba kamili isiyobanwa na biti 53: andika 2n, 3n, 1n. Usichanganye BigInt na namba ya kawaida ndani ya hesabu moja, itagoma. Math.sqrt nayo haipokei BigInt, kwa hiyo kitanzi chako kiwe "endelea maadamu i*i <= n" badala ya kutafuta kipeuo cha pili.

Kuna ukaguzi wa haraka ambao kila mwanafunzi anaweza kufanya kwa macho. Kuanzia namba ya tatu, zao lina 2 na 5 ndani yake, kwa hiyo lazima liishie na 0, na mfuatano wa pili lazima uishie na 1. Pia zao lina 2 moja tu, kwa hiyo ukiligawanya kwa 4 baki ni 2 daima, na la mfuatano wa pili ni 3. Ile 14142414403480493114 inaanguka hapo hapo kwa sababu imeishia na 4.

Jambo la mwisho: angalia unavyoandika alama. 7# maana yake ni zao la namba tasa hadi kufika 7, yaani 210. Zao la namba tasa saba za kwanza ni 510510, yaani 17#. Na kwenye OEIS, ile kamusi ya mtandaoni ya mifuatano ya namba, mfuatano huu (A002110) unaanza na 1, zao la namba tasa sifuri, kwa hiyo nafasi zinasogea kwa moja. Wengi hulinganisha orodha zao na ile wakadhani wamekosea.


baki_tu:

Nijibu (c), na humo humo nitoe njia ya kalamu.

Usiibebe namba kubwa. Beba baki zake tu. Swali la kila hatua, kwa namba tasa q unayoipima, ni: je, q inagawanya zao kujumlisha 1? Hiyo ni sawasawa na kuuliza: je, zao likigawanywa kwa q linabakiza q − 1? Na baki ya zao unaipata kwa kuzidisha baki ya zao lililotangulia na baki ya namba mpya. Hakuna haja ya kuandika tarakimu 27 popote.

Chukua q = 5. Zao baada ya kila hatua ni 2, 6, 42, 1806, 23478, 1244334. Baki kwa 5: 2, 1, 2, 1, 3, 4. Baki ya 4 imetokea baada ya hatua ya 6, kwa hiyo namba ya 7 ni 5. Kabla ya hapo 5 haikuwahi kugawanya chochote. Hiyo ndiyo sababu yote ya kuchelewa kwake: ukubwa wa q haujalishi, kinachojalisha ni lini baki itatua kwenye q − 1.

Sasa q = 11. Baki ni 2, 6, 9, 2, 4, 3, 4, 9, 2, 3, 10. Imefika 10 baada ya hatua ya 11, kwa hiyo namba ya 12 ni 11. Mwanafunzi akiwa na orodha ya namba zilizotangulia (2, 3, 7, 43, 13, 53, 5, 6221671, 38709183810571, 139, 2801) anamaliza hesabu hii kwa dakika chache.

Hata ile hatua iliyokukwamisha inafanyika kwa mkono. Tuthibitishe kwamba 139 inagawanya zao la namba tisa kujumlisha 1. Zao la namba saba za kwanza ni 6221670. Ukigawanya kwa 139 baki ni 30. Namba ya 8 ni hilo zao kujumlisha 1, baki 31. Zao la nane: 30 × 31 = 930, baki 96. Namba ya 9 nayo ni zao la nane kujumlisha 1, baki 97. Zao la tisa: 96 × 97 = 9312, na 139 × 66 = 9174, baki 138. Ni q − 1. Basi.

Ili kuwa na hakika kwamba 139 ndiyo ndogo kuliko zote, urudie hesabu hiyo kwa kila namba tasa iliyo chini yake ambayo bado haijaingia: 11, 17, 19, 23 na kuendelea. Hiyo ni kazi nzuri ya kuwagawia wanafunzi, kila mmoja namba yake.

Kwa kompyuta fanya hivi. Tengeneza orodha ya namba tasa chini ya 1000000, ziko 78498. Kwa kila q weka baki ya zao la sasa. Kila ukipata namba mpya a, pata kwanza baki ya a kwa q, izidishe na baki iliyopo, kisha punguza tena kwa q. Kwa kuwa baki zote ziko chini ya 10^6, zao lao halivuki 10^12, kwa hiyo JavaScript ya kawaida inatosha kwa jedwali hili bila BigInt. Mtego ni mmoja: ukizidisha baki na a nzima kabla ya kupunguza, unarudi kwenye ugonjwa ule ule alioueleza mkuu hapo juu.

Jedwali hilo litakupa namba ya 10 hadi ya 14 papo hapo: 139, 2801, 11, 17, 5471. Ya 15 ni 52662739, imezidi milioni. Ama upanue jedwali (namba tasa zaidi ya milioni 3) ama ubadilishe mbinu. Ya 16 ni 23003, rahisi tena. Ya 17 ni 30693651606209, na hapo kugawanya moja moja hakufai.

Kuhusu 41: haijathibitishwa kwamba haimo. Kufikia mwaka 2012 zilijulikana namba 51 za mfuatano huu, na 41 ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote ambayo haijaonekana. Angalia jinsi zile ndogo zilivyoingia bila mpangilio wowote: 37 iko nafasi ya 18, 23 ya 25, 29 ya 33, 19 ya 36, na 31 imesubiri hadi ya 50.

Baki za 41 kwa hatua 13 za kwanza ni 2, 6, 1, 2, 26, 25, 2, 6, 1, 16, 3, 33, 28. Inayotakiwa ni 40. Ukichukulia kwamba baki inatua popote kati ya 1 na 40 kwa usawa, nafasi ya kuikosa mara 50 mfululizo ni (39/40)^50, kama 28 kwa 100. Hayo ni makadirio, si uthibitisho, lakini yanaonyesha kwamba kukosekana kwa 41 hadi sasa si jambo la ajabu. Kwa mantiki ya aina hiyo Daniel Shanks alikisia mwaka 1991 kwamba kila namba tasa itaingia siku moja. Albert Mullin ndiye aliyeuliza swali hilo mwaka 1963, na bado liko wazi.

Kuna kitu kimoja kizuri hapa ambacho watu hawakitaji. Ilipoingia 31 kwenye nafasi ya 50, namba zote tasa chini ya 41 zilikuwa zimekwisha ingia. Tangu hapo hakuna namba ndogo inayoweza kuipiku 41. Mara tu baki ya 41 itakapofika 40, namba inayofuata itakuwa 41 bila mjadala. Kabla ya hapo ingewezekana 41 igawanye zao kujumlisha 1 lakini nafasi ichukuliwe na ndogo zaidi.


tarakimu_moja:

Shukrani sana wakuu. BigInt imemaliza (a) na (b), na hesabu ya 139 nimeifanya kwa mkono, imetoka.

Mawili yamebaki. Kwanza, namba inapokuwa nje ya jedwali, nikitumia mbinu ya Pollard ya rho (ya kutafuta vigawo vya namba kubwa) na ikanipa kigawo, naweza kukichukua moja kwa moja? Pili, kuna ubaya gani tukichukua kigawo kikubwa badala ya kidogo? Wanafunzi lazima watauliza.


kigawo_kidogo:

La kwanza: hapana, usikichukue hivyo hivyo. Hapa ndipo orodha nyingi za watu zinapoharibika.

Rho, na pia mbinu ya mipindo ya duaradufu ya Lenstra, huelekea kutoa vigawo vidogo mapema, lakini hazikuahidi kwamba cha kwanza kutoka ndicho kidogo kuliko vyote. Zinaweza hata kukupa zao la vigawo viwili kwa pamoja. Fuata mpangilio huu: kigawo kilichotoka, kipime kama ni tasa, kama si tasa, kivunje. Kisha gawanya namba nzima kwa kigawo hicho, na kilichobaki nacho kipime, kivunje, hadi vipande vyote viwe tasa. Hapo tu ndipo unapochagua kidogo. Ukikosea mara moja, namba zote zinazofuata ni za mfuatano mwingine kabisa, kwa sababu kila hatua inategemea zao la zote zilizotangulia. Hakuna kurekebisha katikati, unarudi ulipokosea.

Kupima utasa wa namba zilizo chini ya 341550071728321, mbinu ya Miller–Rabin kwa misingi 2, 3, 5, 7, 11, 13 na 17 inatoa jibu la uhakika, si la kubahatisha. 38709183810571 na 30693651606209 zote zimo humo. Ila ndani yake unazidisha namba mbili za tarakimu 14, jibu lina tarakimu hadi 28, kwa hiyo BigInt ni lazima. Kwa lugha ya C tumia aina ya biti 128 kwa zao la katikati.

Uzito wa kazi unabadilika sana kutoka hatua hadi hatua. Namba ya 28 ina tarakimu 27. Ya 44 ina tarakimu 68, ingawa inayoifuata ni 107 tu. Ili kupata ya 52 lazima upate kigawo kidogo kuliko vyote cha namba yenye tarakimu 335, ambayo inajulikana si tasa. Kwa klabu ya shule, simama kwenye 16 au 17.


mraba_hakuna:

Hilo la kigawo kikubwa lina jibu tamu sana, na linaingia kwenye ubao mmoja.

Mfuatano huo upo, ni A000946: 2, 3, 7, 43, 139, 50207, 340999, 2365347734339. Unatengana na ule wa kwanza kwenye nafasi ya 5: 1807 = 13 × 139, mmoja unachukua 13, mwingine 139. Kisha 1806 × 139 = 251034, ukiongeza 1 unapata 251035 = 5 × 50207. Kisha 251034 × 50207 = 12603664038, na ukiongeza 1 unapata 12603664039 = 23 × 1607 × 340999.

Tofauti kubwa ni hii: kwenye mfuatano huu 5 haitaingia kamwe, na tunaweza kuthibitisha. Tuseme hatua fulani kigawo kikubwa kuliko vyote ni 5. Namba 2 na 3 tayari zimo kwenye zao, kwa hiyo hazigawanyi zao kujumlisha 1. Basi zao kujumlisha 1 halina kigawo tasa kingine isipokuwa 5, yaani ni 5^k. Kwa hiyo zao = 5^k − 1. Lakini 5 ukiigawanya kwa 4 inabakiza 1, kwa hiyo 5^k nayo inabakiza 1, na 5^k − 1 inagawanyika kwa 4. Zao letu lina 2 moja tu ndani yake, kwa sababu namba hazijirudii, kwa hiyo haligawanyiki kwa 4. Limegoma.

Waambie wanafunzi wasikimbilie kusema "na 11 pia vivyo hivyo". Kwa 11 lazima ushughulikie zao kujumlisha 1 = 5^j × 11^k, na hoja ya baki kwa 4 peke yake haitoshi. Cox na van der Poorten walionyesha mwaka 1968 kwamba 5, 11, 13, 17 na nyingine kadhaa hazimo, na Andrew Booker alithibitisha mwaka 2012 kwamba zinazokosekana hazina mwisho. Kwa mfuatano wa kigawo kidogo hakuna hata namba moja tasa iliyothibitishwa kukosekana. Kanuni mbili zinazofanana hivyo, moja tumeielewa kiasi, nyingine bado imefungwa. Hilo ndilo ningelitilia mkazo kwenye karatasi.


kidato_cha_euclid:

Naongeza neno juu ya mfuatano wa pili, maana kosa lake limo hadi kwenye vitabu.

Usiandike kwamba zao la namba tasa kujumlisha 1 ni namba tasa. Tano za kwanza ni tasa (3, 7, 31, 211, 2311), halafu:

30031 = 59 × 509
510511 = 19 × 97 × 277
9699691 = 347 × 27953
223092871 = 317 × 703763
6469693231 = 331 × 571 × 34231

Ya 11, yaani 200560490131, ni tasa tena. Baada ya 31# inayofuata kuwa tasa ni 379# + 1, kisha 1019# + 1 na 1021# + 1. Haijulikani kama zinaendelea bila mwisho. Euclid mwenyewe, Kitabu cha IX pendekezo la 20, hakudai kwamba jibu ni tasa. Alisema: ama ni tasa, ama lina kigawo tasa ambacho hakimo kwenye orodha uliyoanza nayo. Angalia vigawo vyote hapo juu. Kila kimoja ni kikubwa kuliko namba tasa ya mwisho iliyozidishwa.

Na kuna faida ambayo namba hizi zinayo kuliko namba nyingine za ukubwa wake. Ukitaka kuthibitisha kwamba N ni tasa kwa mbinu ya Lucas, unahitaji vigawo tasa vyote vya N − 1. Kwa kawaida kuvipata ni kazi ngumu. Hapa N − 1 ni zao ulilolitengeneza wewe mwenyewe, vigawo unavyo mkononi. Tafuta a ambayo a^(N−1) inabakiza 1 kwa N, lakini a^((N−1)/q) haibakizi 1 kwa kila kigawo tasa q cha N − 1. Ikipatikana, N ni tasa kwa uhakika.

Mfano wa ubaoni, N = 31, N − 1 = 2 × 3 × 5, chukua a = 3. Baki kwa 31: 3^6 ni 16, 3^10 ni 25, 3^15 ni 30, 3^30 ni 1. Tatu za kwanza si 1, ya mwisho ni 1. Imekwisha. Mbinu hii hii inafaa kwa 38709183810571, kwa kuwa ukitoa 1 unabaki na zao la namba nane unazozijua.

Kama a^(N−1) haibakizi 1, N si tasa, usipoteze muda. Kama inabakiza 1 lakini q moja imegoma, jaribu a nyingine kwa ajili ya q hiyo. Si lazima a iwe moja kwa zote. Na kwenye Python andika pow(a, (N-1)//q, N). Ukiandika a**((N-1)//q) % N, mashine inajaribu kwanza kuijenga namba nzima kabla ya kupunguza, na kumbukumbu inajaa.


baada_ya_zao:

Mkuu kama karatasi ina nafasi, weka na mfuatano wa Fortune (A005235), unafanyika kwa kalamu kuliko yote iliyotajwa. Reo Fortune alikuwa mwanaanthropolojia wa New Zealand, si mwanahisabati kwa kazi yake. Kanuni: chukua zao la namba tasa za mwanzo, tafuta namba ndogo m iliyozidi 1 ambayo zao kujumlisha m ni tasa. Unapata 3, 5, 7, 13, 23, 17, 19, 23, 37, 61. Alikisia kwamba m ni tasa daima. Haijathibitishwa, na haijapatikana inayokiuka.

Waonyeshe kwa 2310. m isiyo na kigawo 2, 3, 5, 7 wala 11 ndiyo pekee inayostahili kujaribiwa, kwa hiyo ruka hadi 13: 2323 = 23 × 101. Kisha 17: 2327 = 13 × 179. Kisha 19: 2329 = 17 × 137. Kisha 23: 2333, na hakuna namba tasa hadi 47 inayoigawanya, kwa hiyo ni tasa. m = 23. Angalizo: lazima m izidi 1, la sivyo 2311 itakukatisha mwanzoni kabisa, na orodha yako itajaa 1 kila mahali ambapo mfuatano wa pili una namba tasa.

Kwa nini makisio yana nguvu? Vigawo vyote vya m lazima vizidi 11, kwa hiyo m isiyo tasa haiwezi kuwa chini ya 13 × 13 = 169. Ili kumpinga Fortune kwenye hatua hii ungehitaji kuanzia 2312 hadi 2478 kusiwe na namba tasa hata moja. Kwa 30030 kizingiti ni 17 × 17 = 289, na jibu limepatikana kwenye m ya kwanza kabisa kujaribiwa, 17, yaani 30047.